Msiba wa Wafilipino

Mimi ndiye niliyesema kuna msiba. Naliweka hilo mwanzo kabisa, kwa sababu kwa siku nane sikulisema, na katika siku hizo nane Mama Marita alikuwa mbioni kukosa kusimama kwenye harusi ya mtoto wake wa pekee.

Jina langu ni Edah. Ni Mkenya, nilikuja Buffalo kusomea uuguzi, nikamaliza, nikabaki. Kanisa ninalosali ni la Kipentekoste, la watu wa milima ya Kivu ya Kusini, na mimi ni karani wao na mkalimani wao. Nilikwenda pale kwa hamu tu ya kusikia mahubiri ya Kiswahili, hata kama ni Kiswahili ambacho mwalimu wangu wa darasa la sita angekipiga wino mwekundu tangu mstari wa kwanza. Walinipa kiti, wakanipa chai, na baada ya miezi mitatu wakanipa daftari. Mtu anayejua Kiingereza cha barua hapumziki katika kanisa la wakimbizi.

Jengo si letu. Ni kanisa la mawe huko Kensington-Bailey, lililojengwa na Wazungu ambao wajukuu wao walihama zamani. Wafilipino walilinunua, wakalisafisha, wakatukaribisha. Wao wanasali saa tatu asubuhi, sisi saa saba mchana. Nilidhani Wafilipino wote ni Wakatoliki mpaka Delfina aliponitoa ushamba. Delfina ni muuguzi mwenzangu katika nyumba ya wazee tunakofanya kazi, na ni katibu wa kanisa lao kama mimi nilivyo wa letu. Alinieleza kwamba kwao, wakikaa mezani, meza moja ina makanisa manne: mama yake Mkatoliki, mjomba wake wa kanisa liitwalo Iglesia ni Cristo, kaka yake Mmethodisti, na yeye mwenyewe wa Kanisa Huru, lile lililojitenga na Roma zaidi ya miaka mia iliyopita na ambalo mapadri wake wanaoa. Alisema barabarani kwao unalijua kanisa ni la nani kwa kuliangalia kwa mbali. La mjomba lina minara myembamba iliyochongoka. La mama lina kuta nene ili tetemeko lisiliangushe. La kaka ni dogo, la bati.

"Na lenu?" nikamuuliza.

"Letu linafanana na la mama," akasema. "Ndiyo maana ugomvi ulikuwa mkubwa."

Kanisa Huru, kwa hiyo, lina sanamu, na watu wa milimani hawana mchezo na sanamu. Wametoka kwao na Biblia na nguo walizovaa, na katika Biblia hiyo amri ya pili haijafutwa. Tulipatana hivi: kila Jumapili saa sita na nusu, mashemasi wetu wanapanda ngazi na kuwafunika watakatifu kwa mashuka meupe, na saa kumi wanawafunua. Wafilipino walivumilia. Mwishoni mwa mwezi wa tatu tukaingia tukawakuta watakatifu wameshafunikwa kwa vitambaa vya zambarau vilivyoshonwa kwa kipimo na kufungwa kwa utepe. Jumapili iliyofuata, vilevile. Mchungaji wetu, Theogene, alimshukuru Mungu madhabahuni kwa sauti iliyopasua spika. Wafilipino, alisema, wamepata nuru. Kanisa zima likasema amina, na mimi nikasema amina, wala sikumuuliza Delfina chochote. Kumbe wao hufunika sanamu zao kila mwaka siku za mwisho kabla ya Pasaka, kwa huzuni, kisha Pasaka ikifika wanazifunua.

Sasa msiba wenyewe. Jumatano ya juma lile la kuelekea Pasaka nilikuwa zamu, wazee watatu wamebonyeza kengele kwa pamoja, na Delfina akanikamata kwenye korido. Akaniambia, "Ijumaa tuna kilio kanisani. Tutamlaza tangu asubuhi mpaka jioni. Tafadhali waambie watu wako wasije na ngoma." Nikamwambia pole sana. Sikuuliza ni nani. Mtu mzima na akili zake angeuliza, lakini kengele zilikuwa zinalia, na mimi nina tabia ya kujiona nimeshaelewa kabla mtu hajamaliza kusema.

Kwaya ya akina mama hufanya mazoezi Ijumaa, na kiongozi wao ni Marita, mama yake Isaro. Nikampigia simu.

"Mama Isaro, Ijumaa hakuna mazoezi. Wafilipino wana msiba."

"Yesu wangu. Nani amekufa kwabo?"

"Sijui, mama. Wamesema wanamlaza mle kanisani."

"Bon. Basi tutaenda. Batu bakifiwa mu nyumba tunamosalia, siye tunakaa ku nyumba tunaangalia televizyo? Haiwezekane."

Anayewajua watu hawa angejua kwamba jibu lingekuwa hilo. Kwao aliyefiwa haachwi peke yake hata dakika moja. Nimewaona wakiendesha gari saa nane kutoka Louisville kuja kukaa na mtu wasiyemjua, kwa sababu tu shangazi yake aliwahi kusali nao kambini. Wanakaa, hawasemi mengi, wanaondoka. Marita alipita Grant Street na wenzake, wakanunua mchele, sukari na kreti mbili za soda, na Ijumaa saa nane mchana akina mama kumi wa vitenge wakaingia kanisani.

Nilikuwa kazini, lakini nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba ni kama nilikuwepo. Watakatifu wote wamefunikwa. Mishumaa. Wanawake wa Kifilipino waliovaa nyeusi wanapokezana kuimba kutoka kwenye kitabu kirefu, wimbo usiokwisha. Na mbele, jeneza la kioo, ndani yake mtu amelala, nywele ndefu nyeusi, uso umefunikwa kwa kitambaa chepesi, shuka jeupe hadi vifundoni, miguu iko nje. Kioo cha upande wa miguu kimefunguliwa. Watu wanapanga mstari, kila mmoja anaipangusa miguu ile kwa leso, wengine wanaibusu. Ungekuwa wewe, ungewaza nini? Akina mama wetu waliamini kwamba hao ni watu walioacha sanamu. Walikaa kwenye viti walivyopewa, wakainamisha vichwa. Baada ya muda Marita akasimama, akaingia kwenye mstari, akafika, akapiga magoti, akashika mguu. Kisha akalia.

Wanasema alilia kwa sauti ile ya milimani, inayotoka tumboni, na Wafilipino wakaacha kuimba. Alilia hadi wanawake wao nao wakaanza kulia. Na mmoja wao, bila ubaya wowote, akapiga picha.

Saa kumi na mbili jioni Delfina alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Alisema hajawahi kuona watu wa kanisa jingine wakimlilia Bwana namna ile.

"Wakimlilia nani?" nikamuuliza.

"Bwana. Edah, leo ni Ijumaa Kuu."

Kanisa letu huadhimisha Jumapili ya Pasaka tu, na kwa zamu zile nilikuwa nimeisahau siku. Nilikuwa kwenye choo cha wafanyakazi. Nikafunga mlango, nikakaa. "Delfina, yule aliyelazwa. Ni sanamu?"

"Alichongwa Paete, kule kwetu, kwa mafundi wa mbao. Mzee kuliko mama yangu. Tulimleta kwa meli, kasha lake lilikaa bandarini miezi miwili. Kwani walidhani nani?"

Nikakata simu. Niliogopa, naomba lieleweke hivyo. Ningeweza kumpigia mchungaji jioni ile ile na kusema kosa ni langu. Nikajiambia labda litapita kimyakimya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi wa kwangu niliuona ukipanda jiwe kwa jiwe. Jumamosi picha ilikuwa kwenye Facebook ya Wafilipino, na maneno ya shukrani: ndugu zetu kutoka Kongo wakimheshimu Bwana aliyelazwa. Marita amepiga magoti, shavu lake liko juu ya mguu wa mbao. Jumapili ya Pasaka, kabla ibada yetu haijaanza, picha ilikuwa imeshafika Louisville, katika simu za shangazi zake Ephraim.

Ephraim ndiye mchumba wa Isaro, binti wa Marita. Harusi ilikuwa tarehe tisa ya mwezi wa tano, katika kanisa letu, na watu wa Louisville walikuwa wameshaomba ruhusa kazini, wafanyakazi wa maghala mawili mazima. Shangazi wakauliza kama wanaoa katika nyumba ya waabudu sanamu. Jumatatu Mzee Aloisi akampigia simu mchungaji. Mzee Aloisi anakaa Reynoldsburg, kule Columbus, na ndiye mwangalizi wa makanisa yetu ya miji yote mitatu. Akasema anakuja Jumamosi.

Wale akina mama tisa waliokaa tu kwenye viti waliombewa, yakaisha. Marita hakuwa na pa kujificha, picha ilikuwa yake. Aliambiwa asimame mbele ya kanisa Jumamosi na kusema sentensi moja: nilipiga magoti mbele ya sanamu, natubu. Asiposema, atawekwa chini ya nidhamu miezi mitatu. Aliye chini ya nidhamu hashiriki meza ya Bwana, haimbi, hasimami mbele. Na kwetu mama wa bibi harusi husimama mbele. Yeye ndiye anayeushika mkono wa binti yake na kuuweka katika mkono wa mama mkwe. Marita angeketi kiti cha nyuma, na mkono ule ungeshikwa na mwingine.

Alhamisi nilikwenda kwake. Alikuwa anapiga pasi sare ya kazi. Anasafisha vyumba hospitalini. Isaro alikuwa amekaa sakafuni amezungukwa na kadi za mwaliko.

"Wamekuuliza nani alikuambia kuna msiba?" nilimuuliza Marita.

"Bameniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nimesema niliona mwenyewe." Akageuza shati. "Weye uko mugeni mu kanisa yetu, Edah. Bakikufukuza, barua za bantu nani atasoma?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mtu anakufunika kwa shuka lake mwenyewe, halafu anafanya mzaha ili usione kwamba yeye amebaki na baridi.

"Mom, it's one sentence," Isaro akasema bila kuinua kichwa. Yeye hujibu kwa Kiingereza siku zote, hata akilia. "Just say it. Please."

"Nimesikia."

"So you'll say it?"

Marita akaendelea kupiga pasi. Alipomaliza shati alikaa karibu nami, akazungumza polepole, kwa ajili yangu au kwa ajili ya Isaro, sijui. Baba yake Isaro aliitwa Kayumba. Miaka kumi na mitatu iliyopita alitoka kutafuta ng'ombe waliopotea upande wa msitu, yeye na wanaume wengine wawili. Hawakurudi. Siku ya nne Marita akatandika mkeka ili akae kilio, na mzee wa kanisa akamkataza. Alisema mtu hajaonekana maiti yake, huwezi kumzika kwa mdomo. Ukimlilia unamkatia Mungu tamaa. Marita akakunja mkeka. Mwezi uliofuata kijiji kilikimbia, na tangu hapo hajapata mahali pa kuutandika.

"Mzee huyo yuko wapi sasa?" nikauliza.

"Reynoldsburg," akasema.

Isaro aliinua kichwa. Ilikuwa wazi kwamba hakujua.

Jumamosi saa tisa mchana kanisa lilijaa kana kwamba ni Krismasi. Watu hawakosi kesi. Pasaka ilikuwa imepita na watakatifu wote walikuwa wazi, na Mchungaji Theogene alikuwa ameshaagiza ngazi na mashuka. Mzee Aloisi akasema hapana, waacheni, nataka kuona kile tunachozungumzia. Ni mtu mrefu, mkavu, amevaa koti la suti lililomzidi mabegani. Alikwenda peke yake hadi kwenye kijumba cha pembeni ambamo Wafilipino huweka jeneza la kioo, akasimama hapo muda mrefu, mikono nyuma. Delfina, ambaye alikuja kutufungulia mlango, alikaa kiti cha mwisho kabisa na mkoba wake mapajani, hajui kitu, na aliponitazama nikaangalia chini.

Mzee akarudi, akaketi kwenye meza mbele. Mimi nilikuwa kushoto kwake na daftari. Marita alikuwa kiti cha kwanza, Isaro kando yake, amemshika kiwiko.

"Mama Marita," Mzee akasema. "Hii picha ni yako?"

"Ni yangu, muzee."

"Ulifwata nini mule?"

"Kuhani msiba."

"Nani alikuambia kuko msiba?"

"Niliona mwenyewe."

"Uliona mwenyewe kutoka ku nyumba yako? Na mulikuja na mchele na soda?"

Watu wakacheka kidogo, cheko la woga. Theogene alianza kuweka sawa miwani yake, na nikajua atakachosema ni kwamba mama huyu pia anaficha. Nikasimama. Sikupanga kusimama, nilijikuta niko wima.

"Ni mimi, mzee," nikasema. "Mimi ndiye nilimwambia. Wafilipino waliniambia wana kilio, sikuuliza ni cha nani, nikampigia simu Mama Isaro nikasema kuna msiba. Ijumaa ile ile jioni nilijua ni sanamu, nikanyamaza. Mimi ni muoga, basi. Kama kuna wa kutengwa ni mimi."

Minong'ono ikapita viti vyote kutoka mbele hadi nyuma. Theogene, Mungu ambariki, alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. "Donc ni makosa ya karani," akasema haraka. "Mama hakujua. Muzee, mama hakujua."

Mzee Aloisi alinitazama mpaka nikatamani kukaa, lakini hakunipa ruhusa. Kisha akamgeukia Marita, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Basi, mama, hii kesi imekwisha. Sema tu kama hukujua. Neno moja. Tunafunga daftari, tunaenda kutengeneza harusi."

Isaro aliachia pumzi. Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza juma zima. Nami nikaketi, nikaandika "hakujua" kabla haijasemwa. Nimesema tabia yangu.

Marita akasimama. Ni mwanamke mfupi, na siku ile alikuwa amevaa kitenge cha kijani cha kwaya, maana aliwaza labda ndiyo mara ya mwisho kukivaa.

"Nilijua," akasema.

"Mom."

"Wakati naingia sikujua. Wakati napiga magoti sikujua. Nilishika mguu, nikasikia iko baridi, nikasema bon, mutu akikufa anakuwa baridi. Halafu nikapangusa, na kidole kiko na ufa. Ufa ya muti. Nikajua huyu haiko mutu. Ningeinuka. Sikuinuka. Nilikuwa nimeshaanza kumulilia Kayumba, na mguu ulikuwa mbele yangu. Miaka kumi na mitatu sijapata mguu ya kushika. Nikabaki pale. Nililia yote."

Mtoto mmoja alianza kulalamika na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja.

"Kama nitasema sikujua, nitakuwa namudanganya Mungu," Marita akaendelea. "Na kama nitasema natubu kwa kumulilia, nitakuwa namudanganya Kayumba. Sasa mufanye venye munafanya."

Theogene alikuwa ameinamisha kichwa. Isaro alikuwa amefunika uso. Mimi nilikikata kile nilichokuwa nimeandika, na mstari wangu ukaenda mrama.

"Ule muti," Mzee akasema, "uliuomba kitu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nilimuambia Kayumba alale. Ni hiyo tu."

Mzee Aloisi alitoa kitambaa, akajipangusa paji la uso, ingawa kanisani mlikuwa na baridi. Nilidhani atasamehe. Nilimwombea asamehe, macho wazi, na wale watakatifu wote wakinitazama.

"Karani, andika," akasema. "Mama Marita alipiga magoti mbele ya sanamu. Alijua, akabaki. Miezi mitatu. Inaanza leo, tarehe kumi na moja ya mwezi wa ine, inaisha tarehe kumi na moja ya mwezi wa saba."

Isaro alisimama, kiti chake kikaanguka nyuma yake. "You're kidding me," akasema, na sauti ikapanda. "She told the truth. She's the only one here who told the truth." Alichukua mkoba wake. Marita alijaribu kumshika mkono akamponyoka.

"Mutoto, kaa," Mzee akasema. "Siyamaliza."

"I'm done."

"Kaa, tafazali."

Labda ni kwa vile mzee wa aina yake hasemi tafadhali kwa binti. Isaro alisimama pale pale, hakukaa, lakini hakuondoka.

"Andika jambo ya pili," Mzee akaniambia. Akamgeukia Marita. "Andika: Kayumba, mume wa Marita, amekufa."

Niliandika.

"Ni mimi nilimukataza huyu mama kilio. Batu ba kule banajua. Nilisema ataonekana, na nilisema kwa jina ya Mungu, na Mungu hakunituma. Hakuonekana. Miaka kumi na mitatu nakula, nalala, naongoza kanisa, na mukeka wa huyu mama umekunjwa kwa neno yangu." Akageukia watu. "Kilio ya Kayumba inaanza leo. Inaanzia hapa, halafu tutaenda ku nyumba ya mama. Itaondolewa tarehe kumi na moja ya mwezi wa saba."

Theogene ndiye aliyeshtuka kwanza. "Muzee, lakini harusi iko mwezi wa tano."

"Nyumba iko na kilio. Nani anaoza mutoto mu nyumba ya kilio?"

"Hakuna, muzee."

"Hata Louisville?"

"Hata Louisville. Hakuna."

"Basi batu ba Louisville mimi mwenyewe nitabapigia simu. Batangoja. Kilio ikiondolewa, tunaoza."

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, ingawa hesabu ilikuwa rahisi. Adhabu na kilio vilikuwa vinaisha siku moja. Siku ya harusi Marita hatakuwa tena chini ya nidhamu, na atasimama mbele na kuushika mkono wa binti yake kama mama mwingine yeyote. Sheria haikuguswa, na shangazi wa Louisville hawakubaki na la kusema. Isaro alikuwa anahesabu pia. Nilimwona midomo ikicheza, kisha ikasimama. Hakushukuru, na sidhani kama alipaswa kushukuru.

"Na karani?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma. Siku zote yuko mtu wa hivyo.

"Karani atapika chai ya kilio mpaka mwezi wa saba," Mzee akasema. "Na ajifunze kuuliza."

Kisha akasimama, akavua lile koti, akateremka kutoka jukwaani. Alichukua kiti kilichoanguka, akakisimamisha mbele ya Marita, akaketi, magoti yake yakikaribia kugusa ya Marita. Watu walianza kusogeza viti, wengine wakaketi sakafuni, bila kuambiwa, kama wafanyavyo penye msiba, mpaka wakawa wamemzunguka. Isaro alikuwa bado amesimama nje ya duara na mkoba begani. Delfina alikuja mbele polepole, akanishika mkono, wala hakuniuliza kitu.

"Mama," Mzee Aloisi akasema, "nisamehe. Na utuambie. Alitoka namna gani siku ile?"

Marita alimtafuta Isaro kwa macho, akamwita kwa kichwa, na Isaro akaja, akaketi sakafuni, akaegemea mguu wa mama yake.

"Alitoka asubuhi," Marita akasema. "Nguo yake ilikuwa hayiyakauka. Nilimuambia angoje ikauke kwanza. Akaivaa hivyo hivyo na maji, akasema jua itamukausha mu njia."